Itaachia Tu

Muuza viatu wa Gikomba hakuangalii usoni. Anaanza na miguu. Akishakupima kwa macho ndio anapanda juu kutafuta sura, na kufikia hapo ameshajua kama wewe ni pesa au ni wa kuuliza bei na kupita. Mimi akinipima, huwa anarudi chini mara ya pili kuhakikisha.

"Sistee, unavaa ngapi?"

"43."

"Ni ya buda?"

"Ni yangu."

Ananyamaza kidogo. Si kwa ubaya. Ananyamaza kama konda aliyepewa noti ya elfu moja saa kumi na mbili asubuhi. Kisha anamwita jirani: "Oya, uko na 43 ya dem? Ya ofisi hivi?" Jirani naye anamwita jirani yake. Namba yangu inapita kibanda hadi kibanda kama mtoto aliyepotea anayetangazwa kwa spika. Vijana wa mkokoteni wanaopita wakipiga kelele "kando! kando!" wanageuka waone ni mguu wa nani. Baada ya dakika tano inarudi jozi moja: nyeusi, kisigino kifupi, imesuguliwa ikang'aa, ndani imejazwa magazeti isipoteze umbo. Nzuri kweli. Naigeuza. Kwenye soli imeandikwa 41.

"Hii ni 41."

"Ni ngozi hiyo, sistee. Itaachia tu."

Nilikuwa na siku sita. Ijumaa iliyofuata mdogo wangu alikuwa anafuzu chuo kikuu, wa kwanza nyumbani kwetu kuvaa joho. Ningekuwa mimi, lakini hiyo tutaifikia. Mathe alikuwa amenipigia simu kutoka Nakuru kunipa ratiba, kuniuliza kama nina nauli, na kunipa onyo moja: "Ijumaa usikuje na raba. Nimekuomba." Mathe ni mwalimu wa shule ya msingi. Akisema amekuomba, jua amekuamuru.

Basi nikakaa kwenye stuli, nikavaa ile soksi moja ambayo kila mteja wa Gikomba huivaa, nikaingiza mguu hadi pale ulipokataa. Kisigino kikabaki nje kama abiria wa mwisho kwenye mlango wa matatu.

"Kanyaga. Kanyaga, itaingia."

Nikakanyaga. Ikaingia. Niliposimama nilisikia vidole vikijipanga upya huko ndani, kimoja juu ya kingine, kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Nikatembea hatua tatu.

"Umeona?" akasema. "Imekukubali."

"Haijanikubali," nikamwambia. "Imenivumilia."

Akacheka, nikamrudishia.

*

Miguu yangu ilinitangulia. Darasa la sita nilikuwa navaa 40. La nane, 42. Mwili ulikuja kufika baadaye, ukiwa umechoka. Shuleni waliniita Feri. Wale waliotaka kuwa wapole waliniita Likoni.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni Januari ya darasa la sita, kununua viatu vya shule. Dukani kulikuwa na foleni ya wazazi, na kila mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi na mguu mmoja bila soksi. Wasichana wenzangu walikuwa wanajaribu vile viatu vyeusi vya mkanda, vyenye kitundu kidogo kwa juu kama ua. Nilivitaka mpaka tumbo likaniuma. Msichana wa duka akaleta 39, ndiyo ya mwisho, akaniambia nikunje vidole kidogo. Nikavikunja. Viatu vikaingia. Nikamwangalia Mathe nikiwa na furaha yote ya dunia usoni.

"Itaachia tu, mwalimu," yule msichana akasema. "Akivaa wiki mbili hivi."

Mathe alisema hapana. Alisema kwa ile sauti ya darasani, watu wakageuka. "Toa. Leteni za wavulana."

Nikaletewa za wavulana. Za kamba, pua pana, nzito kama matofali. Nililia kutoka dukani hadi stage, na kutoka stage hadi nyumbani. Mathe hakusema kitu. Usiku nilimsikia jikoni akimimina maji kwenye beseni, nikajiambia: mwanamke huyu hana huruma, na sasa anaosha miguu yake midogo.

Kwa sababu Mathe alivaa 40 au 41, kama wanawake wa kawaida. Nilijua hivyo kwa sababu viatu vyake vilikuwa mlangoni kila siku, na namba niliisoma.

*

Ukitaka kujua maisha ya mguu wa 43 ulio chini ya gauni, ni haya. Rafu ya kina dada inaishia 41. Ukiwa na bahati kuna 42 moja, imewekwa juu kabisa, rangi ambayo hakuna mtu aliitaka. Mhudumu anakwambia, "Hatuna za kufika huko, madam," kana kwamba huko ni Lodwar. Halafu anakuelekeza upande wa wanaume kwa kidevu, asikuaibishe. Kwenye Instagram muuzaji ameandika "37 hadi 41", wewe unamwandikia ukiuliza 43, anakujibu kwa kikatuni kinacholia kwa kucheka.

Kwa hivyo una njia tatu. Uvae vya wanaume. Uvae ndara na sandozi mwaka mzima, mvua ikinyesha uombe Mungu. Au ununue ndogo ujidanganye. Karibu kila mwanamke mwenye mguu mkubwa ninayemjua amepitia njia ya tatu, na wengi bado wako humo.

Nisijifanye kana kwamba ni mimi peke yangu. Rafiki yangu tunayeishi naye ana shida ya suruali. Kiuno chake kinasema 30, nyonga zake zinasema 36, na hakuna jinzi duniani iliyowahi kuyasikia mazungumzo hayo. Anayopita kwenye nyonga inaacha pengo mgongoni linaloweza kubeba simu na chaja. Tulipoanza kwenda Toi pamoja alinifunza mbinu zote, maana sokoni hakuna chumba cha kujaribia. Unafunga leso kiunoni unavuta suruali ndani yake. Ukiona aibu, unachukua kiuno cha suruali iliyofungwa kifungo, unakizungusha shingoni. Ncha zikikutana nyuma, itakutosha kiunoni. Au unaingiza mkono uliokunjwa, kutoka kiwiko hadi ngumi, ukijaa, imekutosha. Sijui nani aligundua, lakini nimeona mbinu hizo zikikosea mara chache kuliko namba iliyoandikwa kwenye lebo.

Na ukikosa kabisa, kuna fundi. Fundi wa nguo ndiye mganga wetu. Anapunguza kiuno, anakata mguu, anatoa mabega ya koti la mzungu aliyekuwa na mabega kama kabati. Lakini atakwambia mwenyewe: nguo kubwa ina dawa, ndogo haina. Kitambaa ambacho hakipo hawezi kukishona. Na kwa kiatu hata kubwa haina dawa, ila pamba kwenye pua.

Nairobi tuna neno moja kwa mambo mawili. Saizi ni kipimo, na saizi ni saa hizi. Uko wapi saizi? Unafanya nini saizi? Kwa mtu aliyeacha chuo, maswali haya mawili ni ndugu. Shangazi akiniuliza nafanya nini saizi, huwa nasikia ananiuliza saizi yangu, na kama iko kwenye rafu.

*

Kazi yangu ni kuandika. Sio vitabu, bado. Naandika vile vimaneno vilivyo chini ya picha ya nguo mtandaoni, vya maduka ya mbali ambayo sitawahi kuyaingia. Nalipwa kwa neno. Nimeandika "inakaa vizuri mwilini" mara nyingi kuliko nilivyowahi kuvaa kitu kinachokaa vizuri mwilini. Mwaka jana mteja mmoja alitaka makala ndefu kuhusu historia ya saizi. Ilitoka bila jina langu, kwa hivyo wacha niitumie hapa.

Tuanze na viatu. Namba za Uingereza zinapanda kwa theluthi ya inchi, kipimo kilichotokana na urefu wa punje ya shayiri. Namba za Ulaya, hizi tunazotumia sokoni, zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita. Kati ya 41 na 43 kuna sentimita moja na theluthi. Hiyo ndiyo aibu yangu yote: upana wa kidole. Na kiwanda hakipimi hata mguu wa mtu. Kinapima ule mguu wa bandia, wa mbao au plastiki, ambao kiatu hushonewa juu yake, na kila kiwanda kina wake. Ndio maana utashika raba mbili zilizoandikwa EUR 43, moja inasema UK 8.5, nyingine UK 9, na zote mbili zinakutazama bila haya.

Nguo ndio kichekesho. Mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani, ndio, ya kilimo, ilituma watu kupima wanawake karibu 15,000. Kila mmoja alipimwa sehemu 59 za mwili ili nchi ipate saizi za kueleweka. Waliopimwa walikuwa wa kujitolea, na kwenye hesabu ya mwisho walibaki wanawake weupe peke yao. Mwaka 1958 serikali yao ikachapisha viwango vya saizi vilivyotokana na hesabu hiyo. Baadaye viwanda vikagundua kwamba mteja anafurahi namba ikipungua, vikaanza kuipunguza huku kitambaa kikiongezeka, na mwaka 1983 viwango vikaondolewa. Tangu hapo kila mtu anajiandikia.

Sasa fikiria safari ya hiyo suruali. Imekatwa kwa mwili ambao haukuwahi kufikiria wako. Imevaliwa mahali fulani Ohio au Ontario, ikachoshwa, ikatolewa. Imefungwa kwenye mtumba, ikapanda meli, ikashuka Mombasa, ikafunguliwa Gikomba alfajiri huku wenye maduka wakipigania kamera, ile ya daraja la kwanza. Saa nne unafika wewe na nyonga zako. Haipandi. Na unaondoka ukisema una mwili mbaya.

Nilipomaliza kuandika ile makala nilikaa kidogo. Nililipwa vizuri. Nikanunua gesi.

*

Hiyo ya chuo sasa.

Nilipomaliza kidato cha nne niliomba uandishi wa habari, nikaomba fasihi, na chini kabisa, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi, nikajaza takwimu. Nikapata takwimu. Majirani walikuja kutupa pongezi. Takwimu ni kozi ya pesa, walisema. Nilimwambia Mathe kwamba siitaki, akiwa anasahihisha madaftari, na hakuinua kichwa. "Utazoea. Kila kitu ni kigumu mwanzoni. Itaachia tu."

Alitumia neno hilo hilo. Siku hiyo hata mimi sikulisikia.

Nilizoea jinsi mtu anavyozoea kiatu. Unajifunza kutosimama sana. Unajifunza kukaa pembeni ili uvivue chini ya meza. Muhula wa kwanza nilipita. Wa pili nikapita kwa shida. Mwaka wa pili nilikuwa naamka saa kumi usiku na kifua kimebana kama mtu amenikalia, nikisoma kitu ambacho macho yaliona na kichwa kikakataa. Nilikuwa naandika hadithi fupi nyuma ya daftari la uwezekano. Nikajiambia: mwaka wa tatu itaachia.

Kitu kimoja tu nilikipenda. Mhadhiri mmoja, mzee mtaratibu, alitusimulia kwamba mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima marubani 4,063 ili litengeneze kiti cha rubani wa wastani. Kisha mtafiti mmoja akauliza: kwa vipimo kumi muhimu, urefu, kifua, mkono na kadhalika, ni marubani wangapi walio karibu na wastani kwa vyote kumi? Darasa likabahatisha. Elfu moja. Mia tano. Mzee akaandika ubaoni: 0.

"Wastani," akasema, "ni mtu ambaye hayupo."

Darasa likacheka, tukaendelea na mlinganyo uliofuata. Mimi sikuendelea. Nilibaki pale kwenye sifuri. Muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu nikafunga sanduku, nikahamia kwa rafiki yangu, nikampigia Mathe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Aliuliza kama nimekula. Kisha akakata simu. Kwa karibu miaka miwili baada ya hapo tuliongea mambo ya hali ya hewa, mahindi, na nani amefariki. Hakuna mtu nyumbani aliyesema neno chuo mbele yangu, jinsi watu wasivyosema neno kamba kwenye nyumba ya aliyejinyonga.

Kwa hivyo unaelewa kwa nini nilitaka viatu. Ijumaa hiyo ukoo wote ungekuwa pale, shangazi wote, kila mmoja na saizi yake mdomoni. Nilitaka angalau kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini nisiwe na makosa.

*

Nilirudi Gikomba Jumanne. Nikazunguka maduka ya mjini Jumatano, yale ya ghorofani ambako kila chumba kimegawanywa mara sita. 41. 41. Moja ya 42, ya kisigino kirefu kama kijiti, nikiivaa nagusa bango la mlangoni. Jumatano jioni nikakata tamaa kwa yule yule muuzaji wa Jumamosi, nikachukua za wanaume: nyeusi, hazina kamba, ngozi laini, 43. Soo nane. Akaniongezea soksi.

Alhamisi nikapanda matatu ya Nakuru nikiwa nimevaa raba zangu za kila siku, na zile nyeusi kwenye begi. Nilifika giza likiingia. Mdogo wangu alikuwa saluni. Mathe alikuwa jikoni, peke yake, ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Beseni hilo nimeliona maisha yangu yote. Nilifikiri ni uchovu wa ualimu. Kusimama mbele ya ubao tangu asubuhi, si ndio? Na kila mara tukiingia alikuwa akivuta leso ikafunika, au akituma mtu chumvi. Siku hiyo hakuvuta kitu. Labda alichoka. Labda niliingia kimya.

"Umepata viatu?"

"Nimepata za wanaume."

Nikazitoa, nikangojea. Akachukua kimoja, akakigeuza, akasoma namba. Akakiweka sakafuni. Kisha akatoa mguu wake wa kulia majini, akaupangusa kwa upindo wa leso, nikauona.

Kidole gumba kilikuwa kimelala upande, kimepanda juu ya kile cha pili. Pale kinapoanzia, mfupa ulikuwa umetokeza ubavuni kama kifundo kingine. Kidole kidogo kilikuwa kimeingia chini ya mwenzake, kucha yake haionekani. Juu ya kila kiungo kulikuwa na sugu, ngumu, ya manjano. Ulikuwa mguu uliokunjwa kwa muda mrefu ukasahau kukunjuka. Lakini urefu wake, kutoka kisiginoni, niliutambua. Ningeutambua popote.

Akauingiza kwenye kiatu cha Gikomba. Ukaingia bila kukanyaga.

"Mama," nikasema, "wewe si unavaa 41?"

"Navaa 41. Wakikosa, 40."

"Na huu mguu ni wa 41?"

"Huu mguu ni wangu," akasema.

Akaniambia hadithi ambayo haina hata dakika tatu. Alipoajiriwa alikuwa na miaka ishirini na tatu. Mwalimu mkuu alitaka viatu vya kufunika, vya kike, vya heshima. Mjini kote hakukuwa na vya mguu wake, na vya wanaume angechekwa na darasa zima. Mwenye duka akamwambia ni ngozi, itaachia. Akanunua. Vilipochakaa akanunua vingine vya namba ile ile, kwa sababu kufikia hapo aliweza kuingia.

"Na iliachia?"

Akautazama mguu ndani ya kile kiatu kipana.

"Kuna kitu kiliachia," akasema. "Si kiatu."

Maji kwenye beseni yalikuwa yameanza kupoa. Nikakumbuka Januari ile, benchi lile, sauti yake ya darasani na watu wakigeuka. Toa. Leteni za wavulana. Zaidi ya miaka kumi nilikuwa nimebeba siku hiyo kama ushahidi dhidi yake.

"Ile kozi yako," akasema ghafla, bila kuniangalia. "Nilikwambia utazoea."

"Ulisema."

"Mm."

Hiyo tu. Mathe si mtu wa kuomba msamaha kwa sentensi kamili. Akaniambia niongeze maji ya moto, nikaongeza, na nilipomaliza akaniambia nivue raba nami niweke miguu, beseni ni kubwa. Tukakaa hivyo mpaka mdogo wangu akarudi na nywele mpya akatuuliza kama tuna wazimu.

*

Asubuhi ya Ijumaa alitoka chumbani na gauni lake la kitenge, kilemba kimesimama vizuri, pochi mkononi, na miguu mitupu.

"Nipe hizo raba zako."

"Si ulisema—"

"Nilikwambia wewe usizivae."

Nikampa. Zilikuwa nyeupe zamani. Nikazifuta kwa kitambaa chenye maji, akafunga kamba mwenyewe, akiinama polepole. Mimi nikavaa za soo nane. Mdogo wangu akatukagua kutoka juu hadi chini, akafungua mdomo, akaufunga.

Joho lake nalo lilikuwa kituko. Majoho ni saizi moja kwa wote, yaani ya hakuna mtu, na yeye ni mfupi; lilimburura hadi chini kama pazia. Tukalipandisha kwa pini nane. Kutoka lango la chuo hadi uwanjani ni mwendo, na watu walikuwa wengi, akina mama wengi wakisimama njiani kujishikilia miti, wakivua kiatu kimoja, wakisugua, wakivaa tena. Mathe hakusimama. Aliniacha nyuma. Sijawahi kumwona mamangu akitembea haraka, na nilidhani ndivyo alivyo, mtu wa polepole.

Shangazi mkubwa alituona mbali. "Mwalimu! Leo umevaa raba?"

"Leo natembea," Mathe akasema.

Shangazi akacheka, kisha akanigeukia mimi, kama nilivyojua angefanya. "Na wewe mama, yako ni lini? Si ulikuwa mbele ya huyu?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye matatu kuanzia Limuru hadi Naivasha, kitu kuhusu kuahirisha na mipango. Mathe alinitangulia.

"Huyu aliacha," akasema. "Haikumtosha."

Alisema kama mtu anavyozungumzia kiatu. Hakuongeza kitu, na shangazi hakupata pa kushika. Tukaendelea kutembea. Kipaza sauti kilikuwa kimeanza kusoma majina.

*

Raba sijarudishiwa. Nimeuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema zinakauka. Mara ya pili nilimpata mapumziko ya saa nne, kelele za watoto zikisikika nyuma.

"Unazitaka saizi?"

"Si lazima saizi."

"Basi ziwache."

Jumamosi nikarudi Gikomba. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope, na nilikuwa na viatu vya ngozi vya wanaume ambavyo havikuwa na haja ya kuniachia. Nilikuwa bado mbali, hata sijafika kwenye vibanda, niliposikia sauti:

"43! Oya, 43! Kuja, leo nimekuwekea!"

Watu wakageuka kuangalia ni nani. Nikainua mkono.

"Nataka mbili," nikamwambia nilipofika.

"Mbili? Ingine ni ya nani?"

"Ya mathe."

Akaangalia miguu yangu, kisha, kwa mara ya kwanza, akapanda juu taratibu na kuniangalia usoni. "Hiyo ni ya familia," akasema, akaanza kufukua.